Pikipiki Mchangani: Wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini Wanauliza

Mvua zimekata, njia za Usangu zimekauka, na barua za wasomaji wanaotaka kuiacha lami zimekuwa nyingi. Karibu zote zinataja Dakar. Tumechagua chache. Maswali tumeyafupisha; majibu tumeyaacha marefu pale ambapo jambo lenyewe ni refu.

Naendesha bodaboda Uyole, nina Boxer 150. Nataka kujifunza mbio za jangwani kama zile za Dakar. Nianze na hii hii au nitafute nyingine?
*Dereva, Mbeya*

Anza na hiyo hiyo, ila ujue mwisho wake. Mbio za Dakar zilianza Desemba 1978 kutoka Paris kwenda Senegali, zikahamia Amerika Kusini mwaka 2009, na tangu 2020 zinafanyika Saudi Arabia. Pikipiki za leo zina kikomo cha cc 450, lakini mshindi wa mwanzo kabisa, Cyril Neveu, alikuwa juu ya Yamaha XT500, mashine iliyotokana na pikipiki ya kawaida ya dukani. Kwa mtu anayejifunza, injini ndogo si tatizo. Pikipiki nyepesi ndiyo utakayoweza kuiinua peke yako mara ya kumi saa nane mchana.

Boxer itakufundisha kuendesha umesimama, kusoma ramani ya njia, kupima mafuta na kujirekebishia. Haitakufundisha kuruka matuta wala kukimbia kwenye mawe. Rimu zake ni za inchi 17, shokapu zina mwendo mfupi, na tumbo la injini liko chini bila kinga. Tairi dogo la mbele huzama mchangani na hukwama kwenye shimo ambalo tairi la inchi 21 lingelivuka.

Ukipata fedha ya pikipiki ya pili, tafuta Honda XL125, Yamaha DT125 au Yamaha XTZ125. Zote zina inchi 21 mbele na 18 nyuma. Honda XR150L ina 19 mbele, 17 nyuma na tenki la lita 12, nayo inafaa. Nyingi utakazoziona zimetumika kwenye miradi na idara, kwa hiyo zikague kabla ya kutoa hata shilingi. Inua gurudumu la mbele, zungusha usukani polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Ukiukuta unanasa katikati, bearing za shingo zimekwisha. Shika uma wa nyuma uutikise upande kwa upande, usicheze. Chungulia chini ya shingo ya fremu: rangi mpya mahali pamoja tu maana yake kuna ufa uliochomelewa. Bonyeza shokapu za mbele mara kadhaa, kisha futa kwa kidole. Ukitoka na mafuta, sili hazipo tena.

Fedha ya kwanza iende kwenye helmeti na buti, inayofuata kwenye tairi. Injini iwe ya mwisho. Fundi atakayekushauri uanze na egzosi ya kelele, mshukuru na uendelee na safari.

Kuna marekebisho mawili ya bure. Simama juu ya vikanyagio, kisha geuza hendeli za klachi na breki zielekee chini kidogo mpaka kiganja na mkono viwe mstari mmoja. Halafu legeza vifungo vyake kiasi kwamba ukizisukuma kwa nguvu zinazunguka. Pikipiki ikianguka, hendeli iliyobanwa sana hukatika. Iliyoachiwa kidogo hugeuka, na wewe unairudisha.

Njia ya Tungamalenga upepo wa tairi unanichanganya. Fundi wa pancha ananiambia jaza mpaka liwe gumu, wenzangu wanasema punguza. Nani mkweli?
*Msomaji, Kihesa, Iringa*

Wote wana sababu, lakini wanazungumzia njia mbili tofauti. Ukiwa kwenye lami, tumia kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji. Ukiingia kwenye mchanga tairi linatakiwa litandae, maana eneo linalogusa ardhi likiongezeka, uzito unagawanyika na gurudumu halizami. Kwa pikipiki ya cc 125 hadi 200, bila mzigo, yenye tairi za meno, anza hivi:

Mchanga mzito: psi 12 hadi 14, kama rimu ina kishikio cha tairi. Kama haina, usishuke chini ya 16.
Changarawe na rasta (mawimbi ya njia): 18 hadi 20.
Mawe yenye ncha: 20 hadi 22, na upunguze mwendo.

Kishikio tunachosema ni kile kipande cha mpira na chuma kinachokaa ndani ya rimu na kulibana tairi kwa nati moja ya nje. Bila hicho, ukitoa upepo na kupiga mafuta kwa nguvu, rimu inazunguka ndani ya tairi. Tairi linabaki nyuma, linaivuta tyubu, na vali inang'oka kwenye shina. Pancha ya namna hiyo haizibiki kwa kiraka, tyubu unaitupa. Ukitaka kufunga kishikio, toboa rimu mbali na vali, kisha laini kingo za tundu kwa tupa, zisikwaruze tyubu.

Dawa rahisi ya kugundua mapema ni nati ndogo ya vali. Wengi huikaza chini kabisa, imelala kwenye rimu. Ipandishe juu ibane kwenye kifuniko. Tairi likianza kuhama, vali itainama na utaiona. Ikiwa imekazwa chini haiinami, inakatika. Kila ukisimama kunywa maji, tupia jicho vali zote mbili. Ikiwa moja imeegemea upande, toa upepo, pigapiga tairi lirudi mahali pake, jaza tena.

Pima upepo tairi likiwa la baridi, tena pale utakapoendesha. Ukijaza Iringa asubuhi yenye baridi ukashuka Pawaga saa saba, joto na kimo vyote vinabadilisha kipimo, kwa hiyo tembea na geji yako ndogo. Geji za vijiwe vya pancha hazikubaliani zenyewe kwa zenyewe.

Suala la rasta: njia ya kwenda Tungamalenga ina sehemu ndefu za mawimbi ya kiangazi, na hapo kinachoumia kwanza ni spoku. Kila jioni gonga kila spoku kwa spana ndogo. Iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti ya kufa. Iliyolegea kaza robo mzunguko tu, kisha ruka mbili tatu ukakaze nyingine, usifuate mstari. Ukikaza upande mmoja wote rimu inapinda. Magurudumu mapya au yaliyofungwa upya yakaguliwe baada ya kilomita 50 za kwanza.

Watu wanaoshindana jangwani kwa sehemu kubwa hawatumii tyubu. Wanaweka pete nzito ya sponji ndani ya tairi, haipasuki kwa mwiba. Lakini ni ghali, inahitaji grisi maalumu, na ikikimbizwa muda mrefu kwenye lami hupata moto na kusambaratika. Kwa matumizi yako, nunua tyubu nene na ujifunze kuziba pancha mwenyewe kwa dakika 30.

Je, naweza kufanya mazoezi ndani ya Hifadhi ya Ruaha? Kule mchanga ni mwingi.
*Msomaji, Idodi*

Hapana. Pikipiki haziruhusiwi kutembea ndani ya hifadhi, na tembo hatakuuliza kama unafanya mazoezi. Hata nje ya mpaka, upande wa Idodi na Tungamalenga, wanyama hutoka. Usiendeshe kuanzia machweo. Tafuta kitanda cha mto wa msimu kilichokauka mbali na hifadhi, na kabla ya kuingia pita ofisi ya kijiji. Mahali pengi mchanga huo una wachimbaji, visima vya kuchimbwa kwa mkono na bustani za watu. Kisima cha mchangani hakionekani kwa mtu aliye kwenye gia ya tatu.

Nikiingia kwenye mchanga pikipiki inayumba mbele, naogopa, nakata mafuta, naanguka. Kila mara ni vilevile. Nakosea wapi?
*Msomaji, Chunya*

Umeshajijibu mwenyewe: unaanguka kwa sababu unakata mafuta. Ukifunga mafuta ghafla, uzito wote unaenda mbele, gurudumu la mbele linachimba na kugeuka kama linavyotaka lenyewe. Ukiyafungua kidogo, uzito unarudi nyuma, la mbele linaelea juu na pikipiki inanyooka. Mwili unakataa kuamini jambo hili, ndiyo maana linafanyiwa mazoezi polepole kabla ya kulihitaji.

Chagua mchanga ulionyooka wenye urefu wa mita 100 hivi, usio na mawe. Nenda asubuhi mapema: mchanga uliopoa na kushika umande kidogo ni mgumu zaidi, saa nane mchana huwa laini na mzito. Ingia ukiwa umeshasimama, gia ya pili, mwendo wa mtu anayekimbia. Kanyaga vikanyagio kwa sehemu ya mbele ya nyayo, siyo katikati. Bana tenki kwa magoti. Viwiko viwe nje, mikono ishike usukani kwa wepesi, makalio yarudi nyuma kidogo ya mahali unapokaa kawaida. Macho yaende mita 20 hadi 30 mbele, siyo kwenye gurudumu. Usukani utacheza kushoto na kulia, uache ucheze. Anayepigana nao ndiye anayechoka na kuanguka.

Kugeuka usitumie usukani. Kandamiza kikanyagio cha upande unaotaka kwenda, sukuma tenki kwa goti la upande wa pili, na ongeza mafuta kidogo. Ikianza kuzama, ongeza mafuta kabla haijafa nguvu, usingoje. Na usishike breki ya mbele kabisa. Kupunguza mwendo mchangani ni kulegeza mafuta taratibu. Mchanga wenyewe ndio breki.

Simama pale tu utakapoweza kuondoka: kwenye mteremko, kwenye nyasi au ardhi ngumu. Kuondoka mchangani, pikipiki iwe imenyooka, gia ya pili, achia klachi polepole huku ukitembea nayo kwa miguu miwili, kisha panda ikishapata mwendo.

Ukikwama, gurudumu la nyuma limezama mpaka kwenye ekseli, zima. Kila sekunde ya kupiga mafuta inaongeza kina cha shimo na kuunguza klachi, na klachi iliyoungua Lupa haipatikani Lupa. Funga bomba la mafuta. Ilaze pikipiki kwa ubavu, upande usio na egzosi kama inawezekana. Gurudumu linatoka shimoni lenyewe. Sukumia mchanga kwa mguu ujaze shimo, ushindilie. Ishike usukani na sehemu ya nyuma, uiburute nusu mita uiweke juu ya ardhi nzima. Inua ukiwa umegeuza mgongo kwenye pikipiki, magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka, usukani umeshikwa kwa mkono mmoja na kishikio cha nyuma kwa mwingine. Ni dakika tatu. Wanaovuta na kusukuma wima hutumia nusu saa na maji yote.

Chunya hakuna matuta makubwa ya mchanga ya jangwa, lakini ujue yanavyofanya kazi kama una nia ya kufika huko. Upepo huusukuma mchanga upande mmoja. Upande huo unakuwa mgumu na mteremko mpole. Upande wa pili unaporomoka, mkali na laini. Tuta linapandwa kwa kasi iliyochukuliwa chini, mafuta yanapunguzwa karibu na kilele, na kileleni mtu husimama au hupita sambamba na ukingo mpaka aone kilichoko ng'ambo. Aliyekipita kilele bila kuona hujikuta hewani, na chini yake mara nyingi yupo mwenzake aliyeanguka dakika moja kabla.

Jambo ambalo Chunya mnalo na mnaweza kulisomea bure ni vumbi laini kama unga wa sembe linalojaza makorongo ya magari mwezi wa tisa na wa kumi. Washindani wa jangwani wanaliogopa kuliko matuta, kwa sababu uso wake ni tambarare na chini yake kuna jiwe au shimo. Usilipite kwenye mkondo wa katikati ulioliwa na magari. Panda ukingoni, au ingia kwa gia ya pili ukiwa umesimama. Ukiwa nyuma ya mwenzako, subiri vumbi lake litue. Hakuna anayejua kuendesha asichokiona.

Fundi alinibadilishia jeti, sasa Kitulo pikipiki inapanda vizuri. Lakini nikishuka Chimala kwenda Usangu inagongagonga na kupata moto. Kwa nini?
*Msomaji, Matamba, Makete*

Kwa sababu umeiandaa kwa hewa ya juu ukaishusha kwenye hewa nzito. Uwanda wa Kitulo uko karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na Usangu uko kama mita 1,500 chini ya hapo. Hewa hupungua takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kabureta haijui hilo. Inaendelea kutoa mafuta yaleyale. Juu mafuta yanazidi hewa, injini inakuwa nzito, plagi inakuwa nyeusi ya masizi. Fundi akaweka jeti ndogo, yaani tundu jembamba zaidi la kupitisha mafuta, mambo yakakaa sawa. Ukashuka kona 57 za Chimala, hewa ikaongezeka, mafuta yakabaki machache. Mchanganyiko mkavu unachoma kwa joto kali, na ukiendelea kuvuta kwa mwendo mrefu utatoboa pistoni.

Rudisha jeti kuu ya mwanzo. Ukipungukiwa nguvu Kitulo, vumilia, au tumia sindano ya kabureta kama yako ina ngazi za klipu. Klipu ikipanda ngazi moja, sindano inashuka na mafuta yanapungua. Ikishuka ngazi moja, yanaongezeka. Hiyo ni kazi ya dakika kumi barabarani, na ukifika Chimala unairudisha. Usisogeze zaidi ya ngazi moja.

Namna ya kujua ukweli ni kusoma plagi. Endesha kilomita mbili kwa mafuta mengi, kisha kwa wakati mmoja bana klachi na uzime injini. Usiiache ikanguruma, maana hiyo itakusomea mwendo wa taratibu. Ingoje ipoe kidogo, fungua. Rangi ya kahawia, sawa. Nyeusi kavu ya masizi, mafuta mengi. Nyeupe yenye vidoti, mafuta machache, punguza mwendo na urekebishe. Pikipiki zisizo na kabureta, zinazopuliza mafuta kwa umeme na zenye kihisi cha hewa, hujirekebisha zenyewe, hazina adha hii.

Pikipiki ikizima baada ya kilomita kadhaa, ikakaa kidogo ikawaka, usikimbilie kabureta. Fungua kifuniko cha tenki. Ukisikia hewa inavutwa ndani, tundu la kupumulia limezibwa na vumbi. Lisafishe kwa waya mwembamba.

Pikipiki yangu ilikuwa mpya mwaka jana. Baada ya kiangazi kimoja Rujewa inakula oili na kutoa moshi. Mafundi wanasema ringi. Zimekwishaje haraka hivi?
*Msomaji, Mbarali*

Vumbi limepita kwenye chujio la hewa. Vumbi la Usangu ni la kusaga. Likifika kwenye silinda linafanya kazi ya msasa. Kabla hujalipa ringi mpya, tafuta lilipopitia, la sivyo utalipa tena mwakani. Ondoa chujio, pitisha kidole ndani ya mpira unaokwenda kwenye kabureta. Kidole kikitoka na vumbi, umempata mwizi.

Chujio la sponji lioshwe kwa mafuta ya taa, siyo petroli. Petroli hula gundi ya maungio, tena ni hatari ya moto. Lioshe tena kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, suuza, kamua kwa kubana bila kulisokota, likauke kivulini kabisa. Kisha lipe oili ya chujio. Ukikosa, oili ya gia nzito inasaidia. Libane mpaka rangi iwe sawa kote na lisidondoshe. Chujio kavu la sponji halichuji chochote, na hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanaliosha vizuri halafu wanalirudisha kavu. Ukingo wake upake grisi ukae bila upenyo. Kiangazi, lifanyie hivyo kila siku ya njia ya vumbi. Beba la pili likiwa limeshapakwa, ndani ya mfuko wa plastiki.

Chujio la karatasi halioshwi. Gonga vumbi litoke, likichakaa badilisha. Juu ya la aina yoyote unaweza kuvisha soksi nyembamba ya kike kama kinga ya kwanza. Ukisimama unaivua, unaikung'uta, unaendelea.

Oili kwenye vumbi ibadilishwe mapema, nusu ya kilomita za kitabu. Mnyororo nao usijazwe oili nzito, maana inashika mchanga na kula sproketi. Ufute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, upake oili kidogo upande wa ndani, ufute ya ziada. Ulegevu wa mnyororo fuata kitabu, lakini upime mtu akiwa amekaa juu: pikipiki za shokapu ndefu hukaza mnyororo zinapobonyea, na uliobanwa sana huvunja bearing ya gia.

Ninafundisha jiografia Mafinga. Nimesikia washindani hawafuati ramani ya simu bali karatasi inayozungushwa. Inasomwaje, na wanafunzi wangu wanaweza kuitengeneza?
*Mwalimu, Mafinga*

Wanaweza, na ni zoezi zuri kuliko mengi yaliyomo vitabuni. Kwenye Dakar siku hizi skrini imechukua nafasi ya karatasi kwa sehemu kubwa, lakini usomaji ni uleule. Kitabu cha njia cha karatasi ni mkanda wenye safu tatu. Ya kwanza ni umbali: jumla tangu mwanzo, na chini yake umbali kutoka alama iliyopita. Ya pili ni mchoro mdogo wa makutano, wenye nukta unapotokea na mshale unakoelekea. Ya tatu ni maelezo: hatari, alama za kuonekana, na nyuzi za dira. Hatari inaandikwa kwa alama za mshangao. Moja ni tahadhari, tatu ni punguza karibu kusimama. Herufi nyingi zimetoka kwenye Kifaransa: G ni kushoto, D kulia, P njia ya vumbi, HP nje ya njia.

Mstari mmoja ungekuwa hivi: 12.40, chini yake 1.85, mchoro wa njia panda tatu, mshale kwenye ya kushoto, maelezo: "mbuyu kulia, nyuzi 240, !! korongo baada ya mita 150." Msomaji akifika 12.40 bila kuona mbuyu, hasogei. Anarudi kwenye alama ya mwisho aliyokuwa na uhakika nayo. Kanuni hiyo huvunjwa na kila anayeanza, naye hupotea kwa sababu hiyo hiyo: kilomita mbili za "labda iko mbele" huzaa nyingine kumi.

Kwanza sahihisha odomita. Barabara kuu ya Iringa hadi Mbeya ina nguzo za kilomita. Endesha kilomita 10 kwa nguzo, tazama kipimo chako. Kikisoma 10.4, kila umbali utakaosoma uuzidishe kwa 10 kisha ugawe kwa 10.4. Tairi jipya la meno hubadilisha kipimo, kwa hiyo rudia ukibadilisha tairi. Pikipiki ambazo kipimo chake kinatoka kwenye gurudumu la mbele haziathiriki na mabadiliko ya sproketi. Zile zinazochukua kwenye gia zinaathirika.

Karatasi ya roli ya mashine za risiti inatosha. Kisanduku chenye vioo vya plastiki na vijiti viwili vya kuzungushia mtu yeyote wa useremala anakitengeneza. Njia za mashamba ya misonobari ya Mufindi zinafaa mno, maana njia panda ni nyingi na zote zinafanana. Ombeni ruhusa ya wenye shamba, na jihadharini na malori ya magogo. Dira ya mkononi isomwe umbali wa hatua tano kutoka kwenye pikipiki. Chuma na sumaku ya injini vinaipotosha. Ile ya simu inayotumia setilaiti inaonyesha mwelekeo sahihi ukiwa unatembea tu.

Nibebe nini, na mafuta kiasi gani?
*Msomaji, Makongolosi*

Mafuta yapime mwenyewe. Jaza mpaka juu, endesha kilomita 50 kwenye njia ileile ya mchanga, jaza tena kwa chupa ya lita. Usitegemee hesabu ya lami. Mchanga mzito unaweza kula karibu mara mbili. Ongeza robo juu ya hesabu. Kwa kulinganisha, Dakar inadai pikipiki iweze kwenda kilomita 250 bila kujaza.

Petroli ya chupa ya kijijini iweke kwenye chupa inayoonekana ndani, iache dakika kumi. Maji na uchafu hukaa chini. Mimina ya juu kupitia kitambaa.

Mzigo: tyubu ya mbele moja (ya inchi 21 huingia nyuma kwa dharura, ya nyuma haiingii mbele), vipande viwili vya chuma vya kuvulia tairi, viraka na gundi mpya, pampu, plagi, waya wa klachi uliokwisha kupitishwa kando ya ule unaotumika ili ukikatika uunganishe tu, kiungo cha mnyororo, waya mwembamba, tepi, gundi ya chuma ya kuchanganya kwa ufa wa injini, spana za ukubwa uliomo kwenye pikipiki yako na si seti nzima. Vyote vikae kiunoni au chini ya tenki. Mzigo wa juu nyuma ndio unaoivuta pikipiki kuangukia mchangani.

Sisi wa Njombe tumezoea baridi. Joto la jangwani tutaliwezaje?
*Msomaji, Njombe*

Mwili unalizoea joto kwa wiki moja hadi mbili za kulifanyia kazi, haulizoei kwa kusimuliwa. Shukeni Pawaga au bonde la Rukwa siku kadhaa mfululizo, mwanzo nusu saa, mkiongeza. Beba lita 3 mgongoni kwenye mfuko wa mrija, maana chupa iliyofungwa nyuma hainyweki mpaka usimame, na asiyetaka kupoteza muda hasimami. Kunywa kidogokidogo, nusu lita hadi lita nzima kwa saa, na kila lita ya pili iwe na ORS. Ukikosa pakiti: maji safi lita 1, sukari vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko. Maji matupu kwa wingi bila chumvi nayo yanaumiza. Mwenzako akiacha kutokwa jasho, akaanza kujibu ovyo, safari imekwisha: kivuli, vua kinga zote, mmwagilie maji, mpepee, mpeleke hospitali.

Mikono ikifa ganzi na kuwa migumu, wengi hufikiri wanahitaji kunyanyua vyuma. Mara nyingi ni magoti hayabani tenki, kwa hiyo mikono inabeba mwili. Jaribu kusimama juu ya vikanyagio dakika 20 bila kukaa, kwenye njia ya kawaida. Mapaja yakilia kabla ya dakika kumi, hapo ndipo pa kuanzia.

Na usiende peke yako. Watu watatu ni idadi nzuri: mmoja akiumia, wa pili anabaki naye, wa tatu anafuata msaada. Aliyeanguka vibaya asivuliwe helmeti kama anapumua na anajibu. Shikeni kichwa kisicheze. Namba ya dharura ni 112, lakini sehemu nyingi za bonde hazina mtandao, kwa hiyo kabla ya kuondoka ujue kituo cha afya kilicho karibu na njia. Kwa upande wa Makete ni Hospitali ya Ikonda. Kwa Chunya na Mbarali, majeruhi wazito huishia Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Nyumbani acha karatasi yenye njia mtakayopita, namba za wenzako na saa ambayo, msipopiga simu, mtu aanze kuwatafuta.